Fundo la Mkono wa Kushoto

Tulimwacha Kokab amepiga magoti chumbani kwake mjini Kerman, kiganja kimeganda katikati ya zulia, kama mtu aliyepapasa gizani akagusa uso wa binadamu. Basi bado yuko pale pale. Chai imepoa. Makaa chini ya korsi yamegeuka majivu, na lihafu lililofunika kimeza hicho halimpashi mtu joto, maana mwenyewe yuko sakafuni anahema.

Kwa aliyechelewa, habari ni fupi. Mjane huyu anaishi kwa kushona malihafu ya watu. Kabla ya hapo alifuma mazulia ya watu, tangu hajang'oa meno ya utoto. Sasa, nywele zikiwa nyeupe, ameamua kununua zulia la kwanza maishani mwake. Haji Moshtaq wa sokoni amemwachia moja la kujaribu nyumbani, ndiyo desturi: zulia hulala kwako kama mgeni. Mkizoeana unalipa. Msipozoeana linarudi dukani, na hakuna aliyenuna.

Majirani wamecheka mpaka wakashika mbavu. "Bi Kokab, zulia la kukaa wageni kumi! Wageni wenyewe wako wapi?"

Angewajibu nini? Kwamba alichoka kusikia nyayo zake mwenyewe kwenye sakafu tupu?

Akapitisha kiganja tena. Kutoka dirishani kuja katikati, manyoya ya zulia yalilala kuelekea kulia, laini kama mgongo wa paka. Alipovuka katikati tu, yakamgeukia. Upande wa pili yote yalilala kushoto.

"Nosrat," akasema.

Wasomaji, zulia lina kauli yake. Kila fundo lina mdomo, na mdomo huo hutazama upande alikovutia mfumaji. Wafumaji wote wa Kerman huvuta kwa mkono wa kulia. Wote, ila mmoja. Nosrat, mdogo wake Kokab, alizaliwa wa mkono wa kushoto, na Arbab Fathollah mwenye kiwanda alimfunga mkono huo mgongoni kwa uzi wa mtande, ule unaonyooshwa mtamboni. Mtoto akafuma kwa meno. Siku Arbab alipogundua kwamba mtoto yule mwenye mkono mbaya ndiye mwenye kasi kuliko wote, ghafla mkono mbaya ukawa halali. Hivyo ndivyo walivyo hawa wenye viwanda. Dini yao huanzia palipo na hasara na huishia palipo na faida.

Dada hao wawili walikaa ubao mmoja, mbele ya mtambo mmoja. Kokab alisoma mchoro na kuita. Nosrat alifunga fundo na kuitikia, na sauti ya Kokab ilipokauka walibadilishana.

"Mekundu mawili!"

"Yamekaa!"

"La buluu moja!"

"Limekaa, Koki. Songa."

Kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi. Mfumaji aliyelelewa na mwito haachi kuitikia hata akizeeka. Ulimi unatangulia, akili inafuata nyuma inahema. Juzi tu Kokab alipita mtaa wa watia rangi, fundi mmoja akampigia mwenzake kelele, "Mekundu mawili!" akitaka mafungu ya sufu. Kokab, kapu mkononi, katikati ya watu, akajibu kwa sauti kubwa, "Yamekaa!" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Muuza vitunguu akamfuata nyuma akiita, "Bibi, na vyangu vimekaa?"

Walicheka. Hawakujua kwamba yule bibi hakuwa ameitikia mwito wa mtu kwa miaka arobaini.

Kwa sababu Nosrat alikufa. Ndivyo alivyoambiwa. Arbab alimpeleka msichana yule kwenye kiwanda chake kingine huko Ravar, msimu wa komamanga, "kwa muda kidogo tu." Halafu ikaja habari ya mdomo: amekufa akijifungua. Nyonga zilikuwa nyembamba. Na zisiwe nyembamba kwa nini, mtoto aliyekunjwa kwenye ubao tangu ana umri wa miaka saba? Kaburi hakuonyeshwa. Arbab naye alijenga jumba la kuombolezea mashahidi wa dini, jina lake likaandikwa mlangoni kwa vigae vya rangi ya anga. Lipo mpaka leo. Majina ya watoto waliolijenga kwa migongo yao hayakuandikwa popote. Tunayakumbuka sisi.

Lakini zulia hili si la miaka arobaini. Kokab hakuwa mjinga. Siku ya kwanza alilipindua akaona matamvua ni ncha za mtande wenyewe, hayakushonewa, na bado ni meupe. Alisugua kitambaa kibichi juu ya rangi nyekundu, kikatoka safi. Hiyo ni rangi ya mizizi, haitoki. Akainusa sufu. Bado ina mafuta ya kondoo. Zulia hili limeshuka mtamboni juzi.

Basi maiti anafumaje?

"Ya Allah! Wenyewe mpo?"

Kokab akaruka. Haji Moshtaq huyo mlangoni, anakohoa kistaarabu ili mwanamke ajisitiri. Alijua fika kwamba hakuna "wenyewe". Kuna mwenyewe mmoja.

"Karibu, Haji. Umetembea juu ya macho yangu," akasema, kama adabu ya kukaribisha inavyotaka.

"Macho yako yabaki na nuru, mama." Akaketi, akatupa donge la sukari kinywani, akamiminia chai ya baridi juu yake bila kulalamika. "Mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo. Hajalalamika."

"Na wala hali chakula! Wanangu wangekuwa hivyo ningekuwa tajiri." Akacheka peke yake. "Sasa, mama. Leo ndiyo siku ya kusema. Mmezoeana ama nilichukue?"

"Haji, zulia hili limetoka wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Limetoka kwa watu wa heshima. Familia ya zamani. Mzee amefariki, watoto wako ng'ambo, wanauza vitu. Unajua mambo ya dunia."

Kokab akatazama matamvua meupe kama maziwa. Familia ya zamani! Angeweza kumwumbua pale pale. Akameza. Mwongo ukimwumbua anafunga mdomo, na yeye alihitaji mdomo huu ufunguke.

"Nalichukua," akasema.

"Lichukue, ni lako. Halina thamani mbele yako," Haji akasema, adabu ya sokoni tu.

"Taja bei, Haji."

"Aibu, mama, aibu. Chukua tu."

"Taja."

Haji akataja bei. Ilikuwa bei ya kufungulia mlango, ile bei ambayo mnunuzi akiisikia hupiga kifua, humwita muuzaji mnyang'anyi, huinuka kuondoka, huvutwa shati, hukaa tena. Toka Kerman iwe Kerman, hakuna mtu aliyewahi kuilipa.

"Sawa," Kokab akasema.

Sukari ikampalia Haji. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Sawa nini?"

"Sawa. Nalipa."

"Hukunisikia vizuri."

"Nimekusikia, Haji. Nitalipa yote. Nina neno moja tu la kukuuliza baada ya hapo."

Haji Moshtaq akaweka kikombe chini. Akamtazama mjane. Akalitazama zulia. Akamtazama tena mjane. Akainuka, akapiga magoti, akapindua pembe ya zulia, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayechungulia kisima.

"Umeona nini humu?"

"Nimeona zulia."

"Mama, baba yangu aliuza mazulia, babu yangu aliuza mazulia. Hakuna mtu amewahi kuniambia 'sawa'. Umeona nini?"

"Nimelipenda tu."

"Mtu akipenda ndiyo hugombana zaidi!" Akaanza kulikunja. "Hapana. Nimekosea mimi. Hili halikuwa la kuuza. Mwanangu ndiye aliyelichanganya na mengine. Nitakuletea lingine, zuri kuliko hili, lina ndege na miti..."

"Haji, acha."

"Lina hata swala wa porini!"

"Haji Moshtaq!"

Hakusikia. Aliliviringisha kwa kasi ya mwizi. Kokab akafanya jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi mbele ya mwanamume wa kando. Alijitupa juu ya gombo la zulia, akakaa.

"Shuka, mama."

"Sishuki."

"Watu watasemaje?"

"Waite. Nitawaambia Haji Moshtaq anapora mgeni wa mjane."

Wakatazamana, Haji kasimama, Kokab kakaa, wote wawili wanahema. Hapo Kokab akaelewa kosa lake. Amekubali upesi. Hapa kwetu anayelipa bila ugomvi ama ni mwizi ama amegundua hazina, na Haji hakudhani kwamba yeye ni mwizi. Kulikuwa na njia moja tu ya kulipata zulia hili, nayo ilikuwa chungu.

Ilibidi alitukane.

"Hivi ulidhani ni kweli?" akasema. "Ulidhani nitalipa bei ile ya wazimu? Nilikuwa nakutania. Zulia gani hili! Njoo uone hapa katikati. Njoo! Tia mkono. Manyoya yamegawanyika kama nywele za mlevi."

Masikio ya Haji yakasimama.

"Hiyo ni... hiyo ni nakshi ya mkono, mama."

"Nakshi! Hiki ni kilema. Nusu limefumwa na mtu, nusu limefumwa na... na punguani. Mtu asiyejua mkono upi wa kulia. Wenziwe wangepaswa kumfunga."

Kila neno lilimkata ulimi. Alisema maneno ya Arbab, kwa ukali wa Arbab, juu ya mkono ule wa Nosrat aliokuwa akiupuliza usiku ukiwa umevimba. Na kadiri alivyozidi kuutukana, ndivyo uso wa Haji ulivyozidi kung'aa.

"Aa! Hapo sasa!" Haji akakaa chini, akajipangusa jasho, mtu ambaye dunia yake imerudi mahali pake. "Ulinitisha, mama, Mungu akusamehe. Haya, punguani au si punguani, sufu yake ni ya shingoni..."

"Ya mkiani!"

"Na rangi?"

"Rangi si mbaya. Msiba wake ndio huo mkono."

Wakagombana mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka ukutani hadi mlangoni. Haji alikufa mara kadhaa na kufufuka. Watoto wake walilala njaa. Kokab aliinuka kwenda kumfungulia mlango, akarudishwa. Mwishowe bei ikatua mahali ambapo wote wawili walijua tangu mwanzo kwamba ingetua, na bangili alizopewa na marehemu mumewe zikatoka kifundoni mwa kitambaa na kuhamia mfukoni mwa Haji.

"Umeniua," Haji akasema kwa furaha. "Mubarak. Likae nawe."

"Na nyongeza yangu?"

"Nilijua! Haya, nikupe kizulia cha kuswalia."

"Sitaki kizulia. Nipe mahali lilipofumwa."

Haji akashika ndevu.

"Mama, mfanyabiashara haonyeshi kisima chake."

"Umenipa mkono, umenitakia baraka. Sasa unaninyima nyongeza? Niwaambie wanawake kwenye bafu la umma kesho? Kwamba Haji Moshtaq alimnyima mjane nyongeza, na mjane hakuomba hata kipande cha sabuni, aliomba neno?"

Mnawajua wanawake wa bafuni. Haji naye aliwajua. Akainama, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayetubu.

"Ravar. Nyuma ya birika la zamani la maji. Kiwanda cha marehemu Arbab Fathollah. Sasa anacho mwanawe."

Jina lile likaanguka chumbani kama jiwe kisimani. Kokab akasubiri lifike chini.

"Usiseme nimekwambia," Haji akaongeza, anavaa viatu. Mlangoni akageuka. "Lakini kweli, mama... unalitakia nini kubwa hivi? Huna watu."

Kokab akafunga mlango.

Wasomaji wangu, msidhani aliruka kwa furaha. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu huogopa tumaini kuliko baridi. Usiku ule alilala juu ya upande mmoja tu wa zulia, ule wa kulia, akauacha wa kushoto mtupu, kama walivyokuwa wakilala yeye na Nosrat utotoni. Asubuhi akafunga vileja vya tende kwenye kitambaa, maana haendi mtu kwa mdogo wake mikono mitupu, akapanda basi la Ravar.

Njiani alijaribu kuukumbuka uso wa Nosrat. Haukuja. Kilichokuja ni kiwiko, kile cha kushoto, kilichokuwa kikimgusa ubavuni kila fundo lilipofungwa.

Kiwanda kilikuwa kama viwanda vyote: mlango mfupi, ngazi za kuteremka, shimo chini ya ardhi ili uzi usikauke, na mwanga unaotoka tundu la darini. Arbab huzikwa mara moja. Wafumaji huzikwa kila asubuhi. Harufu ya sufu na unyevu ikampiga Kokab puani, na miguu yake, yenyewe bila kuulizwa, ikajua ngazi ya mwisho ni fupi.

Kwenye ubao, mbele ya mtambo, alikaa mwanamke kijana, tumbo la mimba limemjaa mapajani. Pembeni yake ubao ulikuwa mtupu. Nyuma yake palikuwa na mlango wa mbao, wa ghala la sufu, umesindikwa nusu.

"Kama umetumwa na bwana mwenye kiwanda," kijana akasema bila kugeuka, "mwambie ukingo ndio uliobaki. Na mwambie mimi si punda."

"Sijatumwa na mtu, mwanangu."

"Basi umepotea, bibi. Hapa haji mtu ambaye hajatumwa."

Akageuka. Akaona nywele nyeupe, akaona kitambaa cha vileja, akalegeza uso. "Samahani. Naitwa Ozra. Kaa, kaa hapo. Mwenzangu ameolewa Yazd, ubao wake umebaki wa paka."

Kokab hakukaa. Alikuwa anautazama mkono wa Ozra. Kisu mkono wa kulia. Uzi mkono wa kulia. Anavuta, anakata, anavuta, anakata. Kulia, kulia, kulia.

Njia yote ile! Kumbe ni msichana tu, msichana yeyote.

Halafu akasogea karibu na mtambo, akaweka kiganja juu ya kazi. Manyoya yakalala kushoto.

"Mwanangu. Unafunga kwa kulia, lakini fundo lako linatazama kushoto."

Ozra akacheka kwa uchovu. "Na wewe pia? Bwana amenipigia kelele mwaka mzima kwa hilo. Ni kosa la aliyenifundisha. Yeye ni wa kushoto. Nilikaa ubavuni pake, mkono wangu wa kulia ukaiga mvuto wa mkono wake. Nilipokuja kujua kwamba watu hawafungi hivi, vidole vilikuwa vimekwisha kariri."

"Nani alikufundisha?"

"Bi Nosrat."

Tundu la darini likapitisha wingu. Shimo likawa giza, likawa jeupe tena.

"Yuko wapi?"

Kisu cha Ozra kikasimama. Jicho lake likakimbia, mara moja tu, kwenda nyuma na kurudi.

"Wewe ni nani, bibi?"

"Naitwa Kokab. Mimi ni dada yake."

Ozra akatazama mapaja yake. Akapangusa vumbi la sufu ambalo halikuwepo.

"Amekufa," akasema.

"Lini?"

"Baridi iliyopita."

"Ameugua nini?"

"Kifua. Ninyi wafumaji wa zamani mnajua. Kifua."

"Kaburi lake liko wapi? Nina haki ya kaburi, mwanangu."

"Mbali. Huko... barabara mbovu. Bibi, rudi tu. Utakosa basi."

Kuna watu hufiwa mara moja na yakaisha. Kokab alifiwa mara mbili na mtu yule yule, na mara zote mbili kwa maneno ya mdomo. Hakulia. Alikuwa ameyamaliza machozi ya Nosrat zamani. Haya ya pili hakujua ayatoe wapi. Miaka arobaini aliishi safari ya basi moja tu kutoka kwake, upande huu wa mlima na upande ule wa mlima, mmoja anaita hakuna anayeitika, mwingine anaitika hakuna anayeita. Na kati yao, mtu mmoja mwenye jina la vigae, aliyesema neno moja la uongo kwa sababu dada wawili waliotengana hufuma na hawapigi soga.

Akafungua kitambaa, akaviweka vileja juu ya ubao.

"Kula, mwanangu. Una roho mbili."

"Bibi..."

"Nilikuwa nimemletea yeye. Kula."

Akakaa pale patupu, pembeni ya Ozra. Ubao ukalia. Mtambo ukasimama mbele ya macho yake, nyuzi za mtande zimenyooka juu mpaka gizani, na mstari ulioachwa nusu unangoja. Wengine wakifiwa husoma Yasini. Kokab hakujua kusoma. Alijua kusoma kitu kimoja tu, na kilikuwa pale mbele yake.

Kinywa kikafunguka.

"Mekundu mawili!"

Sauti ilitoka kavu, yenye kutu. Ozra akaweka mkono mdomoni. Macho yalimjaa maji, na alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana, kama anayemsihi mtu asipige hatua.

Kokab hakumwona. Akashika uzi mwekundu, akafunga yeye mwenyewe, moja, mawili. Vidole vilivyopinda vilikumbuka. Akangoja kidogo pale ambapo daima alikuwa akingoja. Hakuna kitu. Bila shaka hakuna kitu. Akavuta pumzi.

"La buluu moja!"

"Limekaa, Koki. Songa."

Hakuwa Ozra.

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa ghala. Nzito, yenye kifua kibovu, sauti ya kikongwe. Lakini ilitoka upesi, bila kufikiri, kama goti linalogongwa. Na mara ile ile ikafuata pumzi ya mtu aliyejiziba mdomo baada ya neno kumtoroka.

Kokab akageuka. Uzi wa buluu ulining'inia mkononi.

"Ee Mungu," Ozra akanong'ona. "Bibi, umefanya nini? Alituapisha kwa Kurani. Sote."

"Aliwaapisha nini?"

"Alisema, 'Akija dada yangu, yule aliyeniuza kwa Arbab, mwambieni nimekufa.'"

"Aliyem..." Neno halikumalizika. "Nani alisema nilimuuza?"

"Arbab mwenyewe. Alimwambia siku alipomleta. Kwamba ulipokea pesa mkononi, ukahesabu, ukaenda zako."

Mnaona, wasomaji? Kinywa kimoja. Kwa huyu kikasema, amekufa. Kwa yule kikasema, amekuuza. Na kinywa hicho kilijiosha, kikatawadha, kikaenda mbele ya safu kuswalisha.

Kokab akasimama. Akauendea mlango mikono mbele, kama kipofu.

"Nosrat!"

Hatua zikaburuzwa upande wa pili. Zilikuwa zinakuja. Zikafika. Zikasimama, upana wa ubao mmoja tu kati yao.

"Nosrat, ni uongo. Nilikaa langoni mpaka theluji ikaanguka. Nosrat!"

Komeo likalia.

Halikuwa linafunguliwa.

Kokab akaweka kiganja juu ya mbao, na kwa muda akasikiliza kifua kile kinavyopanda na kushuka. Akaliita jina tena. Akaliita mara nyingine, kama mtoto anavyoita. Kimya. Ozra alikuwa amejifunika uso.

Hapo mjane akaondoa mkono. Akarudi taratibu mpaka kwenye ubao, akaketi palepale patupu, akainua macho kwenye mtambo. Jina la mtu waweza kulinyamazia, hata miaka arobaini. Mwito huwezi.

Akashika uzi.

"La kijani moja!"